UZI: Lami ya zamani inayokwanguliwa irudi kwenye besi, ila ipimwe kama ilivyo, isipimwe kama kokoto

Fundi wa Maabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Barabara kuu ikikarabatiwa, pembeni hubaki malundo meusi kwa miezi. Humu jukwaani wengine wameyaita uchafu, wengine wanauliza kwa nini wananchi wasiruhusiwe kuzoa bure. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya barabara. Kazi yangu ni kuchekecha, kupima unyevu, kushindilia sampuli na kuzivunja. Nikipita kwenye lundo la namna hiyo roho inaniuma, kwa sababu najua kilichomo.

Lami ikichoka, mkandarasi huleta mashine ya kukwangua. Ina ngoma yenye meno ya chuma kigumu inayokula lami kwa kina kilichopangwa, na mkanda unamwaga mzigo kwenye lori linalotembea mbele yake. Kinachotoka ni kokoto zilizopakwa lami. Kwa uzito, asilimia 94 hadi 96 hivi ni kokoto na vumbi la mawe. Kilichobaki ndiyo lami. Kokoto hizo zilipasuliwa kwa baruti, zikasagwa, zikapimwa, zikasafirishwa na zikalipiwa. Lami yake tuliiagiza nje kwa dola.

Tupige hesabu ya kilomita moja. Barabara ya upana wa mita 6.5 yenye lami ya milimita 50 ina meta za ujazo 325. Kwa uzito wa tani 2.3 kila meta ya ujazo, hiyo ni karibu tani 750. Ukichukua asilimia 5 kuwa lami, umeshika tani 37 na ushee, yaani mapipa zaidi ya 180 ya kilo 200. Hiyo ni kilomita moja tu. Barabara ya kilomita 60 ikikwanguliwa yote, piga mwenyewe.

Sasa chukua Dar es Salaam. Ukanda wa pwani ni mchanga, udongo na mawe ya matumbawe. Mwamba mgumu wa kutoa kokoto nzuri uko mbali, na malori yanayoshusha kokoto jijini mengi yanatoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100. Lindi na Mtwara hali ni ngumu zaidi. Kwa maeneo kama hayo, kutupa tani 750 za kokoto zilizokwisha kufika barabarani, halafu kulipa malori yalete nyingine, ni hasara ambayo mtu yeyote anayelipa tozo ya mafuta ana haki ya kuihoji.

Hoja yangu ni kwamba mabaki hayo yarudi kwenye tabaka la msingi, ile besi iliyo chini ya lami mpya. Marekani wameanza kurudisha lami ya zamani barabarani kwa wingi tangu mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, na leo viwanda vyao hutumia zaidi ya tani milioni 80 kwa mwaka, nyingi kwenye lami mpya na nyingine kwenye besi. Afrika Kusini wana mwongozo kamili wa kazi hii.

Lakini hapa ndipo nataka tuwe makini, maana nimeona watu wa pande mbili wakikosea. Kuna wanaosema "ni takataka", na kuna wanaosema "ni kokoto tu, mwaga, shindilia, songa mbele". Hawa wa pili ndio wananitisha zaidi.

Mabaki ya lami yana tabia yake. Chukua donge moja lundoni alfajiri, ligonge kwa nyundo, linapasuka kavu. Lichukue donge jirani saa saba mchana lundo likiwa limepigwa na jua: kingo zinang'aa, vipande vidogo vimegandana, na ukilibonyeza kwa nguvu linakubali kidogo. Kokoto haina tabia hiyo. Kokoto ni ileile asubuhi na mchana. Tabaka lililojengwa kwa mabaki matupu huhimili vizuri uzito unaopita kwa kasi, lakini uzito ukisimama au ukipita polepole, mchana, kila siku, linatambaa. Linaenda chini kidogo kidogo na halirudi.

Kwa hiyo kipimo cha CBR, yaani kile cha uimara wa tabaka chini ya mzigo, peke yake hakikupi picha. Mabaki matupu, bila kuchanganywa na kitu, Wamarekani wameyapima na kupata CBR ya 20 hadi 25. Besi yetu ya changarawe bora, ile G80, inataka 80. Ukiishia hapo utasema mabaki hayafai. Lakini yakichanganywa asilimia 40 kwa asilimia 60 ya kokoto safi, CBR inapanda hadi 150 na zaidi. Ndiyo maana mamlaka nyingi zinaweka ukomo wa nusu kwa nusu kwenye besi isiyofungwa na saruji wala lami.

Na kwa barabara zetu, huo ukomo wa nusu wala haututishi. Rudini kwenye ile kilomita moja. Besi mpya ya milimita 150 kwa upana uleule inahitaji tani 2,000 na kidogo. Mabaki tuliyonayo ni 750. Hata ukitumia yote, hayafiki asilimia 40. Lami zetu ni nyembamba. Barabara zilizojengwa kwa lami nyepesi, ile ya kumwaga lami na kutandaza kokoto juu, mabaki yake ni machache zaidi. Wenzetu wanaohangaika na wingi wa mabaki ni wale wenye lami ya unene wa sentimita 25.

Karibuni tujadili. Wahandisi mliopo, nikosoeni penye kosa.

---

Mlipakodi Halisi

Mkuu umenifungua macho. Nina maswali mawili.

La kwanza, yale mabaki ni mali ya nani? Mtaani kwetu kuna mkandarasi alikwangua barabara, lundo likakaa, siku moja tukakuta limeisha. Wengine wanasema liliuzwa kwa wenye yadi za malori. Hakuna aliyetoa jibu.

La pili, barabara yetu ya mtaa ni vumbi tupu kiangazi na tope masika. Kwa nini wasitumwagie sisi? Sehemu moja waliyomwaga imegandamana na vumbi limeisha kabisa.

---

Fundi wa Maabara

Mlipakodi, la kwanza jibu liko kwenye mkataba, na ndiyo maana naliongelea kwa sauti. Mkataba ukisema mabaki ni mali ya mwajiri, yapimwe, yaandikwe na yapelekwe yadi fulani, yatafika. Mkataba ukinyamaza, au ukisema tu "mkandarasi ataondoa vifaa visivyohitajika", basi umempa ruhusa ya kuyamaliza anavyojua. Ile barabara ilijengwa kwa fedha ya umma, na kokoto zake bado ni za umma hata zikiwa zimekwanguliwa. Mchoro wa zabuni unapaswa kuonyesha yanapokwenda.

La pili, kumwaga mtaani ni bora kuliko kutupa, na kweli jua linayaganda na vumbi linapungua. Ila ukimwaga bila greda, bila maji na bila shindilia, utapata ngozi ngumu juu ya udongo laini. Masika ya kwanza maji yanaingia chini yake, inapasuka vipande, na hivyo vipande havitengenezeki kwa jembe. Mtaro kwanza. Barabara ya mtaa isiyo na mtaro haina dawa, hata uilaze zege.

---

Mhandisi Kando ya Ruaha

Fundi, mada nzuri na hesabu zako ziko sawa. Lakini niruhusu nipinge mahali.

Nimefanya usimamizi kwenye miradi ya ukarabati miaka mingi. Kwanza, mabaki yanayotoka hapa kwetu si yale ya kwenye vitabu vya nje. Huko wanakwangua lami tupu, safi. Hapa kwetu barabara ina viraka juu ya viraka. Kuna mahali lami ni milimita 30, hatua chache mbele kuna kiraka cha milimita 120, mbele yake tena mtu alijaza moramu akaipaka lami juu. Ngoma ikipita inachota lami, besi ya zamani na udongo wa kiraka, vyote pamoja. Ukichekecha sampuli ya asubuhi na ya jioni utadhani zimetoka mikoa miwili tofauti.

Pili, jua letu. Besi ya Ulaya imefunikwa na lami nzito. Besi yetu mara nyingi iko chini ya lami ya milimita 50 au chini ya lami nyepesi. Joto linafika. Sasa weka malori yanayopanda mlima polepole, gia ya chini, mchana. Umesema mwenyewe tabaka linatambaa. Mimi nimeona kipande cha majaribio cha mabaki matupu kwenye mteremko, mabonde ya matairi yalianza kuonekana kabla hata mradi haujakabidhiwa.

Tatu, gharama. Kuileta mashine ya kuchakata barabara papo hapo, yaani inayoisaga na kuichanganya upya bila kubeba mzigo, kwa mradi wa kilomita 10 ni fedha ambayo ungenunulia kokoto.

---

Fundi wa Maabara

Mhandisi, asante sana. Hoja ya kwanza naikubali mia kwa mia, na dawa yake ni kuchimba mashimo ya uchunguzi mengi zaidi kabla ya kukwangua. Barabara igawanywe vipande kulingana na kilichomo, penye viraka vizito pakwanguliwe peke yake, na lundo lake liwekwe peke yake. Yadi yenye lundo moja kubwa la kila kitu haifai kwa besi. Malundo yakitenganishwa, na kila moja likachekechwa, tofauti ya asubuhi na jioni inapungua sana.

Hoja ya pili ndiyo kiini. Kwenye barabara kuu yenye malori, mimi nisingetumia mabaki bila kuyafunga. Njia iliyothibitika ni kuyafunga kwa lami ya povu au kwa emalsheni, yaani lami iliyochanganywa na maji ili iweze kumwagwa ikiwa baridi.

Kwa wasiojua, lami ya povu inatengenezwa hivi. Lami ya moto, nyuzi 160 hadi 180, inadungwa maji baridi kidogo, asilimia 2 au 3 ya uzito wake. Maji yanageuka mvuke papo hapo, lami inafura mara kumi na tano na zaidi kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo inachanganywa na mabaki yenye unyevu. Haihitaji kupasha kokoto moto, ndipo dizeli inapookolewa. Profesa Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa aliionyesha mwaka 1956 akitumia mvuke, na miaka ya 1960 kampuni ya Mobil kule Australia ikaja na njia ya maji baridi ambayo ndiyo inayotumika mpaka leo.

Lami ya povu haizipaki kokoto kubwa. Inashika vumbi laini, na hilo vumbi lenye lami linazishikilia kokoto sehemu sehemu. Kwa hiyo mchanganyiko usio na vumbi la kutosha haufungiki. Hapo ndipo mabaki matupu yanapokwama, kwa kuwa vumbi lake limeshanaswa kwenye lami ya zamani. Lazima uongeze vumbi la kokoto kutoka machimboni.

Kiasi kinachozoeleka ni asilimia 2 hivi ya lami mpya na asilimia 1 ya saruji. Hiyo saruji isizidi moja. Nimeona wakubwa kwenye saiti wakisema "ongeza mbili, ikaze". Ikishapita hapo umejenga tabaka la saruji linalopasuka, na lami uliyoiongeza imepotea bure. Mwongozo wa Afrika Kusini unaoitwa TG2, toleo la pili la 2009, ulikuwa wazi kwenye hili, na ulitaka daraja la juu la mchanganyiko huu lifike kilopaskali 225 za nguvu ya kuhimili kuvutwa sampuli ikiwa kavu na 100 ikiwa imeloweshwa. Hicho cha kuloweshwa ndicho ninachokiangalia kwanza, maana masika yetu hayana huruma.

Na wenzangu wa Tanzania msidhani ni kitu kigeni kisicho na kibali. Mwongozo wetu wa usanifu wa matabaka ya barabara wa 1999, wa Wizara ya Ujenzi, una besi ya lami ya povu na ya emalsheni ndani yake, kwa majina ya FBMIX na BEMIX. Kibali kipo kwenye rafu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kuhusu gharama, uko sahihi kwa kilomita 10. Kwa kilomita 60, mwambao wa pwani ambako kokoto zinasafiri kilomita 100, hesabu inageuka. Mashine ikichimba milimita 200 papo hapo, robo ya inachokipata ni lami ya zamani na robo tatu ni besi ya zamani. Karibu kila kitu kinabaki barabarani. Naomba tu kila mradi upige hesabu zote mbili kwenye usanifu na kuziweka mezani, badala ya kuanza na jibu.

---

Semi Tela Tunduma

Mimi ni dereva, sijui CBR. Naongea ninachokiona. Barabara zinabonyea sehemu tatu: kwenye mizani tunapopanga foleni, kwenye matuta, na milimani. Mkiweka hiyo lami ya zamani chini, mkumbuke tunavyosimama. Foleni ya mizani inaweza kuwa nusu siku, malori yamejaa, jua kali.

---

Fundi wa Maabara

Dereva, ulichosema kingetosha kuwa aya ya kwanza ya ripoti ya usanifu. Uzito unaosimama ni adui mkubwa wa chochote chenye lami. Kwenye foleni za mizani na vituo vya mabasi mimi ningeshauri zege, kama njia za mwendokasi Dar zilivyojengwa.

Na niongeze jambo la uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Usanifu wetu unahesabu madhara kwa kulinganisha na ekseli ya kilo 8,160, na uwiano wake unapandishwa kwa kipeo cha 4.5. Maana yake ekseli ya tani 12 haiumizi barabara kwa asilimia 20 zaidi ya ile ya tani 10. Inaumiza mara mbili na robo. Besi iwe ya mabaki, kokoto au dhahabu, uzito uliozidi utaimaliza.

---

Mjenzi Nyanza 254

Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mnaongea za barabara kuu, mimi niko upande wa barabara ndogo za mashambani, zile za magari machache. Huku kwetu tumezoea kazi ya mikono na emalsheni. Vijana wanachanganya kokoto na emalsheni kwenye mixer ndogo, wanasambaza kwa reki kati ya reli mbili za chuma, rola ndogo inapita. Hakuna moto, hakuna mtambo mkubwa. Kituo cha mafunzo cha Kisii kimefunza wakandarasi wengi kazi za namna hii.

Swali langu: hayo mabaki yanaweza kuingia kwenye mtindo huu? Kwa sababu ninyi mnaongea mashine za mamilioni, na mkandarasi mdogo wa kaunti hana.

---

Fundi wa Maabara

Ndugu yangu, hapo ndipo naona faida ya haraka zaidi. Emalsheni haihitaji mashine ya povu. Mabaki yakichekechwa kuondoa madonge yanayozidi milimita 37 hivi, yakaongezewa vumbi la kokoto, saruji asilimia 1 na maji, emalsheni inachanganywa hata kwa greda juu ya barabara yenyewe, au kwa mixer kwenye kazi ya mikono. Huku kwetu chuo cha teknolojia stahiki cha Mbeya, ATTI, kinafundisha kazi za nguvu kazi kwa mtindo kama wenu, kwa hiyo mafundi wapo.

Mambo mawili tu. Maji yaliyomo kwenye emalsheni nayo ni maji: yahesabu ndani ya unyevu wa kushindilia, la sivyo tabaka litakuwa tope na rola itayumba juu yake. Na lipe muda likauke kabla ya kuliziba kwa lami juu. Ukiliziba mbichi, maji yanabaki ndani.

---

Mama wa Mabibo

Samahani wataalamu, mimi nauliza kama mzazi. Lami ni mafuta. Watoto wanacheza kwenye hayo malundo, na mvua ikinyesha maji yanapita kuelekea mtoni. Hakuna sumu?

---

Fundi wa Maabara

Mama, swali la msingi kabisa.

Kuna lami za aina mbili duniani. Tunayotumia sisi inatokana na mafuta ya petroli. Kuna nyingine ya zamani iliyotokana na makaa ya mawe, na hiyo ndiyo yenye kemikali nyingi zinazosababisha saratani. Ulaya iliwekwa kwenye barabara nyingi za zamani. Uholanzi wana sheria kali: mabaki yakizidi miligramu 75 za kemikali hizo kwa kilo, hayaruhusiwi kurudi barabarani, yanachomwa kwenye tanuru maalumu. Wana rangi nyeupe ya kupuliza kwenye kipande kilichokatwa. Ikigeuka njano au kahawia, wanajua ni ya makaa ya mawe na lori linageuzwa.

Lami ya petroli kemikali hizo inazo kidogo sana, na ikiwa ndani ya besi, imeshindiliwa na kufunikwa, maji hayapiti humo kirahisi. Hata hivyo lundo si uwanja wa michezo. Vumbi lake halifai kuvutwa, madonge yanaporomoka, na kingo za kokoto zilizokatwa na meno ya mashine zinachana miguu. Yadi iwe na uzio, iwe mbali na mkondo wa maji, na mtaro wa kuizunguka. Ukiona lundo limemwagwa kando ya mto, peleka malalamiko serikali ya mtaa kwa maandishi, na nakala kwa mhandisi wa wilaya.

---

Mbeba Mzigo Virginia

Nawasoma kutoka Marekani, naendesha lori. Kuna anayejua barabara ambayo ilijengwa hivi na ina malori kama yetu, sio majaribio ya chuoni?

---

Mhandisi Kando ya Ruaha

Huenda unaipita wewe mwenyewe. Barabara kuu ya I-81, upande wa magari yanayoelekea kusini, karibu na Staunton, jimbo hilohilo ulipo. Mwaka 2011 idara ya usafirishaji ya Virginia ilichakata kipande cha maili 3.66, karibu kilomita sita. Zaidi ya robo ya magari pale ni malori. Kwenye njia ya kulia, yenye mzigo mzito, waliondoa lami ya zamani, wakaimarisha tabaka la chini papo hapo, kisha wakarudisha ile lami ya zamani ikiwa imechanganywa kwenye mtambo uliowekwa karibu, na lami ya povu asilimia 2 na saruji asilimia 1. Njia ya kushoto walichakata bila kubeba. Juu wakaweka lami mpya. Wameifuatilia kwa vipimo miaka mingi baadaye na tabaka zimeendelea kuimarika badala ya kulegea.

Nilipinga juu huko, na kwa mabaki matupu bado napinga. Lakini kwa yaliyofungwa, huo mfano ni mzito. Fundi, nami naongeza sharti langu: kipande cha majaribio cha mita mia mbili hivi kijengwe kwanza, kikae masika moja chini ya magari, ndipo tuandike kiwango.

---

Fundi wa Maabara

Sharti hilo nalipokea kwa mikono miwili.

---

Kijana wa Saiti

Shikamoo wakubwa. Mimi nimeajiriwa karibuni, nipo maabara ya saiti. Tumechanganya mabaki asilimia 40 kwenye besi. Rola imepita mpaka kokoto zinaanza kuvunjika, lakini mashine ya nyuklia ya kupima mshindilio na unyevu inasoma mshindilio wa asilimia 96, na tunatakiwa 98. Mkandarasi anasema vifaa vibovu, msimamizi anasema rola nyepesi. Nifanyeje?

---

Fundi wa Maabara

Marahaba kijana. Simamisha rola kwanza, hapo mnasaga kokoto bure.

Mashine ya nyuklia haioni maji. Inaona haidrojeni, halafu inaihesabu kama maji. Kwenye besi ya kawaida ni sawa, kwa sababu haidrojeni karibu yote iko kwenye maji. Lakini lami nayo imejaa haidrojeni, karibu kwa kiwango kilekile cha maji ukilinganisha uzito kwa uzito. Ukiwa na mabaki asilimia 40, tabaka lako lina lami asilimia 2 hivi. Mashine itasoma hiyo 2 kama unyevu.

Ona inavyokuponza. Tuseme uzito wa tabaka likiwa bichi ni kilo 2,200 kwa meta ya ujazo na unyevu wa kweli ni asilimia 5. Uzito mkavu ni 2,095. Mashine inasoma unyevu 7, inakupa 2,056. Umepoteza karibu asilimia 2 ya mshindilio kwenye karatasi, wakati ardhini haijapotea. Hiyo 96 yako inaweza kuwa karibu 98.

Fanya hivi. Pale pale mashine iliposoma, piga kipimo cha mchanga (unachimba shimo dogo na kulijaza mchanga ili ujue ujazo wake), chukua sampuli, kaushe maabara, upate unyevu wa kweli. Rudia sehemu kadhaa, tafuta tofauti ya wastani, iingize kwenye mashine kama marekebisho ya unyevu. Kila lundo likibadilika, fanya upya.

Na kwenye kukausha, usitumie nyuzi 105 kama ulivyozoea kwenye moramu. Lami inalainika, sampuli inagandana na trei, na ukiichekecha baadaye vumbi lote limenaswa, utaandika kwamba mchanganyiko una chembe kubwa kuliko zilivyo kweli. Weka nyuzi 60, acha usiku kucha, pima, rudisha, pima tena mpaka uzito usibadilike.

Majibu ukiyapata, mpe msimamizi karatasi zote mbili, ya mashine na ya mchanga, ukiwa umeandika namba ya kituo kwa kila shimo. Kisha uje hapa utuwekee namba, wengine wenye tatizo kama lako wapo humu wanasoma.